Demo mbili za bendi moja: kisa cha vijana wanne wa panki Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Bendi inayozungumziwa hapa ilikuwa ya vijana wanne wa Nairobi, wenye umri wa miaka 15 hadi 17 walipoanza. Ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya korona. Nimeondoa majina yao, jina la bendi, mtaa, shule na kanisa, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ambavyo jirani angevitambua. Nitawaita kwa kazi zao: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma. Mimi ni fundi wa sauti. Niliwashauri bila malipo kwa mwaka mmoja na ushei, na baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Ninawaandikia walimu wa muziki, mafundi wenzangu, wazazi, na kijana yeyote ambaye ana nyimbo tano na hajui ampelekee nani.

Usuli

Panki ni neno ambalo wengi wetu tulilijua kwanza kwa kinyozi. Kama muziki, yaani roki fupi ya kasi, ulishika moto New York na London katikati ya miaka ya 1970, na vijana hawa waliupata kwa simu ya mwimbaji miaka arobaini baadaye. Kilichowavuta ni ufupi wake. Albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na inaisha kabla nusu saa haijatimia. Mpiga gitaa alikuwa anajua mikao mitatu ya vidole, akagundua kwamba mikao mitatu inatosha.

Mtaji mkubwa wa bendi haukuwa wao: zilikuwa ngoma za kanisa alikosali mpiga ngoma. Mzee wa kanisa aliwaruhusu kufanya mazoezi Jumapili alasiri kwa masharti mawili, wafagie ukumbi na mpiga ngoma asikose ibada ya pili. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati juu na ubavuni, chini saruji tupu. Ukipiga kofi moja unasikia matatu.

Mpiga gitaa hakuwa na amplifaya. Alichomeka gitaa kwenye wufa ya nyumbani kwao, ile ya redio na sinema, ambayo koni yake ilichanika zamani na hakuna aliyejishughulisha nayo. Kila alipougonga uzi mnene, karatasi ya koni ilitetemeka pale ilipochanika, na sauti ikatoka na mkwaruzo kama jerikeni linaloburutwa juu ya kokoto. Nilitaka kumwambia aitengeneze. Nikakumbuka kwamba mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, alichana koni ya spika yake kwa wembe, makusudi, ili apate mkwaruzo kama huo. Nikanyamaza. Ni mojawapo ya mara chache katika kisa hiki ambapo nilinyamaza vizuri.

Wawili walisoma shule za bweni, wawili za kutwa. Kwa hiyo kalenda ya bendi ilikuwa ile ya Wizara ya Elimu: likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Mengine yote yalikuwa kungoja.

Desemba: uwanjani, halafu mlangoni

Shoo ya kwanza ilikuwa shindano la vipaji mtaani, jukwaa la mbao, spika mbili za kukodi. Waliandaa nyimbo tatu ambazo kwa pamoja hazifiki dakika sita. Katikati ya wimbo wa pili stima ikapotea. Gitaa kimya, besi kimya, maiki kimya. Mpiga ngoma hakuacha. Mwimbaji akaruka chini, akasimama katikati ya watu akipaza kiitikio kwa koo tupu: "Jua thelathini! Mvua mia!" Ulikuwa wimbo wa nauli za matatu, na wiki hiyo ilikuwa imenyesha, hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuwa ameilipa hiyo mia. Watoto walianza kuitikia, wakafuatwa na akina mama wa vibanda. Stima iliporudi, mshereheshaji alitaka kumwita mshindani mwingine, watu wakamzomea mpaka wimbo ukamalizwa.

Hawakushinda. Kikundi cha dansi kilichukua zawadi, na kwa haki.

Mtu mmoja aliyekuwepo siku hiyo aliwapendekeza kwa promota, yaani mwandaaji wa shoo, wafungue shoo ya roki kwenye baa, Ijumaa iliyofuata. Roki ya Nairobi imelelewa sana na baa, na hapo ndipo kisa kinapokwama. Kaka mkubwa wa mwimbaji ndiye aliyeongea na promota kwa simu, na umri haukutajwa. Walifika saa kumi na mbili jioni na ngoma nyuma ya pikapu waliyoikodi kwa shilingi 1,500. Baunsa akaomba vitambulisho. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu wa baa bado wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Promota alitoka nje, akawaangalia, akashika kichwa. "Nyinyi ni watoto," alisema, si kwa dharau. Alisema kama mtu anayehesabu hasara. Wakageuza pikapu.

Watu niliowasimulia humkasirikia baunsa. Mimi simkasirikii. Angewaruhusu, na ukaguzi ungefanyika usiku huo, mwenye baa ndiye angekuwa hatarini kupoteza leseni.

Demo ya kwanza

Promota yule alisema jambo moja kabla ya kurudi ndani: wakiwa na demo, yaani rekodi ya mfano ya kusikiliza, angewatafutia shoo ya mchana isiyo na pombe. Hapo nikaingia na ushauri wangu. Niliwaambia waende studio. Sikuuliza kingine chochote. Kwa fundi wa sauti, demo maana yake ni studio, kama vile kwa fundi seremala kila tatizo ni ubao.

Walikubaliana na studio moja ya mjini kwa shilingi 18,000, nyimbo mbili. Walilipa 12,000: 7,000 walizochanga wenyewe na 5,000 ambazo mama wa mwimbaji alikopa kwenye chama chake cha akiba. Salio la 6,000 lingelipwa kazi ikiisha.

Prodyuza alikuwa hodari kwa kazi aliyoizoea, injili na nyimbo za kucheza. Utaratibu wake ulikuwa ule wa studio nyingi: kila mmoja aingie peke yake, kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni, aweke sehemu yake, atoke. Sasa, bendi hii ilicheza kwa mapigo kama 190 kwa dakika, na kwenye kiitikio ilikimbia zaidi, kisha ikarudi. Hawakujua kwamba wanakimbia. Kliki ilijua. Mpiga ngoma alijaribu mara tisa, na kila mara alifika kiitikioni akaiacha kliki nyuma. Saa inakwenda, pesa inakwenda. Prodyuza akaamua kuweka ngoma za kompyuta. Gitaa liliingizwa moja kwa moja kwenye mashine bila wufa, likapewa mkwaruzo wa programu. Sauti ya mwimbaji ikanyooshwa noti kwa noti.

Walipewa faili ya MP3 ambayo kila nusu dakika sauti nzito inataja jina la prodyuza. Hiyo ingeondolewa salio likilipwa. Waliituma hivyo hivyo kwa mapromota kadhaa. Mmoja tu ndiye aliyejibu, yule yule wa mlangoni, ambaye usiku ule hakuwa amewasikia hata wimbo mmoja:

"Safi. Lakini hii ni wewe na kompyuta ama mko wangapi?"

Mpiga ngoma alisoma ujumbe huo mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani. Katika nyimbo zote mbili hakukuwa na pigo hata moja la mkono wake.

Uamuzi wa Aprili

Tulikutana kwenye ngazi za kanisa wiki ya kwanza ya likizo. Kwa mara ya kwanza niliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa Desemba: nani anaisikiliza hii demo, na anatafuta nini ndani yake? Tuliandika majibu nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada. Promota anataka kujua kama bendi ipo kweli, kama inaweza kusimama dakika ishirini bila kuanguka, inahitaji vifaa gani, na akipigiwa simu na mwenye ukumbi ataje mtu mzima yupi. Ubora wa sauti haukutokea kwenye orodha. Nilijaribu kuuingiza, mwimbaji akauliza, "Anko, promota amewahi kukuuliza ni maiki gani?" Hajawahi.

Waliamua kurekodi palepale ukumbini, wote kwa pamoja, bila kliki, wimbo mzima bila kuunganisha vipande, kwa siku mbili na bila kutumia pesa. Kliki iliondolewa kwa sababu kule kukimbia kwenye kiitikio ndiko kulikowafanya watoto wa uwanjani waitikie. Kuunganisha vipande kulikataliwa kwa sababu nyepesi zaidi: bila kliki vipande vingekataa kukaa pamoja. Niliwaambia pia kwamba Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, walirekodi nyimbo zao nne za kwanza tarehe 28 Desemba 1976, kwa saa chache tu, kwa pauni 500 za kuazima, wakazitoa wenyewe mwezi uliofuata. Hilo liliwapa moyo kuliko maelezo yangu yote.

Mpiga besi alipinga. Alisoma shule ya watoto wa wenye nacho, na aliogopa kuchekwa kwa kitu chenye mwangwi wa mabati. Kura zilikuwa tatu kwa moja. Hofu yake haikuwa ya kijinga, na ndiyo iliyotufanya tuushughulikie mwangwi huo kabla ya kugusa kitu kingine.

Siku mbili ukumbini

Tulifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukaning'iniza blanketi na joho za kwaya kuzunguka ngoma, na magodoro mawili nyuma ya wufa. Ukipiga kofi, sasa unasikia moja na nusu.

Kadi ya sauti niliyoazima ilikuwa na matundu manne, basi kila tundu lilikuwa uamuzi. Maiki moja ndani ya ngoma kubwa. Moja juu ya ngoma zote, kimo cha mkono ulioinuliwa, ikielekea ngoma ndogo. Moja mbele ya wufa, upana wa kiganja kutoka pale koni ilipochanika. La nne lilikuwa la besi, waya moja kwa moja. Mwimbaji hakubakiwa na tundu, na akiimba ndani sauti yake ingeingia kwenye maiki ya ngoma na kukaa humo milele. Tukamtoa nje. Alisimama kwenye dirisha lililofungwa, anaimba bila sauti kwa mdomo tu, ili mpiga ngoma amwone na ajue wamefika wapi. Wapita njia walidhani anafanya maombi.

Tulipojaribu mara ya kwanza, ngoma kubwa ilisikika nyembamba kama sufuria. Maiki ya ndani na ile ya juu zilikuwa zinavutana, moja inasukuma wakati nyingine inarudi nyuma, na mvumo wa chini unaliwa katikati. Nilibonyeza kitufe kimoja cha kugeuza wimbi la maiki ya ndani. Ngoma ikarudi na uzito wake wote, na mpiga ngoma, aliyekuwa na vipokea sauti masikioni, akaruka kwenye kiti.

Jambo jingine kwa mafundi wanaoanza: msikiamini kiwango cha sauti mnachokipima wakati watu wanajaribu. Kijana akisikia "tunarekodi" anapiga kwa nguvu ambayo hakuionyesha asubuhi yote. Wakati wa kujaribu niliacha vilele kwenye desibeli 18 chini ya sifuri, sifuri ikiwa kiwango ambacho sauti ikikivuka inapasuka. Wimbo wa kwanza ulipoanza kwa kweli, vilifika 9.

Saa nane mchana mvua ya Aprili ikaanguka juu ya mabati. Saa moja na dakika arobaini hatukufanya lolote ila kula maandazi. Mpiga besi alitaka tuirekodi mvua na kuiweka mwanzoni mwa wimbo wa nauli, na ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyeyapinga mabati ndiye aliyeyapa nafasi ya kwanza kwenye demo.

Kila wimbo walicheza mara tatu, na karibu kila mara ya pili ndiyo iliyochaguliwa. Kesho yake mwimbaji aliweka sauti kwa maiki ya kawaida ya jukwaani, akiwa ameishika mkononi, kwa sababu kwenye stendi alisimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nyimbo nne, dakika 6 na sekunde 40.

Matokeo

Demo ilitumwa kwa watu saba pamoja na video ya simu ya sekunde arobaini ya wimbo mmoja wapo, na ujumbe mfupi: tuko wanne, umri wetu huu, tuna dakika ishirini, tunakuja na ngoma na wufa, tunahitaji maiki moja na soketi tatu, mtu mzima wa kuwasiliana naye ni huyu. Watatu walijibu. Zilipatikana shoo mbili za Agosti, Jumapili alasiri, kwenye kumbi zisizouza pombe. Promota wa mlangoni ndiye aliyetoa ya kwanza. Malipo yalikuwa shilingi 4,000, zikaenda zote kulipa mkopo wa chama.

Shoo ya tatu haikufanyika. Jirani aliweka video ya shoo ya pili kwenye status, mama wa mpiga ngoma akaiona. Alijua mwanawe anapiga ngoma kanisani. Hakujua kuhusu bendi, na kijana alikuwa kidato cha nne, miezi mitatu kabla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Akamtoa siku hiyo hiyo. Nilipokwenda kuongea naye alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Ungenipigia simu." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Bila mpiga ngoma bendi ilisimama. Mwimbaji alianza kikundi kingine na kuupeleka huko wimbo wa nauli. Mpiga gitaa, aliyetunga muziki wake, hakumwongelesha kwa miezi kadhaa.

Uchambuzi

Kila nikikisimulia kisa hiki kuna mtu anayesema: unaona, rekodi chafu ndiyo panki halisi. Sikubali. Demo ya pili haikuwa chafu. Ilikuwa na siku nzima ya blanketi, joho na kugeuza mawimbi nyuma yake, na demo ya kwanza, kwa sikio la fundi, ilikuwa na mizani bora zaidi. Ile ya kwanza ilishindwa kwa sababu ilificha kitu ambacho msikilizaji wake alikuwa anakitafuta. Promota alitaka ushahidi kwamba kuna watu wanne wanaoweza kucheza pamoja. Tukampelekea ushahidi kwamba kuna kompyuta. Kama msikilizaji angekuwa mtangazaji wa redio anayetafuta wimbo wa kucheza katikati ya nyimbo nyingine, huenda studio ingekuwa jibu sahihi.

Prodyuza pia asibebeshwe lawama isiyo yake. Alipewa bendi isiyojua inakimbia, muda mfupi, na hakuna aliyemwambia kwamba mpiga ngoma ndiye roho ya kitu chenyewe. Kosa lilikuwa kwangu, niliyewapeleka bila kwenda nao.

Ule ujumbe mfupi ulifanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Promota mmoja alikiri kwamba alisikiliza wimbo wa kwanza tu. Kilichomfanya apige simu ni "soketi tatu". Mtu anayejua idadi ya soketi anazohitaji hatamsumbua siku ya shoo. Na kutaja umri waziwazi, jambo tulilolificha Desemba, kuliwaondoa wale wa baa mapema na hakukumfukuza yeyote wa mchana.

Kuhusu wazazi, nilijidanganya kwa kuridhika na kidogo. Mama wa mwimbaji alijua, mzee wa kanisa alijua, kaka alijua, nikahesabu kwamba "watu wazima wanajua". Lakini kila kijana ana nyumba yake, na idhini ya nyumba moja haihamii ya pili. Simu nne za dakika tano zingetosha. Huenda mama yule angekataa hata hivyo, kwa sababu ya mtihani. Basi tungejua Aprili, na tungepanga Agosti bila mtoto wake au tungengoja Desemba.

Ugomvi wa wimbo ungeweza kuzuiwa kwa karatasi moja. Nchini Kenya hakimiliki ya wimbo huanza pale unapoandikwa au kurekodiwa, bila kungoja usajili, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, siku ile ya mvua vijana hawa walitoka ukumbini wakiwa na mali ya pamoja ambayo ingeweza kuwazidi umri, na hakuna aliyeandika nani katunga maneno na nani muziki. Tuliandika idadi ya soketi, hatukuandika hilo. Baadaye walipatana kwa mdomo kwamba kila mmoja anaweza kuucheza. Mpiga gitaa aliniambia hakuwa anataka pesa, alitaka tu kuulizwa.

Kuna swali moja ambalo sijalimaliza. Demo ya pili ilitegemea wufa iliyochanika, na mpiga gitaa hakuwa na njia nyingine ya kuipata sauti ile. Desemba, baba yake, kwa nia njema kabisa na kama pongezi ya ripoti nzuri ya shule, aliipeleka kwa fundi wa redio na kubadilishiwa koni. Kijana aliichomeka ukumbini, akapiga uzi mnene, ikatoka sauti safi. Tulitazamana. Je, nilipaswa kumwambia baba mapema kwamba uharibifu ule ulikuwa ndio kifaa chenyewe? Angenielewa?

Mpiga ngoma alifanya mtihani wake, akapita vizuri, na wiki ya Krismasi mama yake mwenyewe ndiye aliyemleta ukumbini. Alikaa benchi la nyuma na mkoba mapajani, akasikiliza nyimbo mbili, akauliza kwa nini lazima iwe haraka hivyo.

Mafaili ya demo ya kwanza yangali kwa prodyuza. Salio la shilingi 6,000 halijalipwa, na hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyewahi kupiga simu kuyaulizia.